Alhamisi Katika Ghala la Nta

Wasomaji wenzangu, kabla ya yote naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na tahajia yangu haijawahi kumfurahisha mwalimu yeyote. Niliishia darasa la nne. Naandika polepole, naligusa kila neno kwa kidole kabla ya kuliacha, na ukurasa huu wa kwanza umenichukua tangu adhuhuri. Mkikuta neno limepungukiwa herufi, au limezidishiwa, msilikasirikie. Nina sababu yangu ya kuomba hivyo, nanyi mtaiona.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia chumba cha babu yangu, ambaye tulimzika msimu huu wa mvua. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu vyake, ufagio uligonga kitu kizito kilichofungwa katika kitambaa. Nilipokifungua, harufu ilinifikia kabla ya macho kuona. Ilikuwa nta ya nyuki, nta kongwe, yenye harufu ya asali na moshi na vumbi kwa pamoja. Nilikaa chini sakafuni nikiwa bado nimeshika ufagio. Kwa wengine nta ni nta, ni mishumaa ya kanisani. Kwangu mimi ni harufu ya picha za sinema.

Wengi wenu mlio rika langu, kama mlikulia Tabora, mtalikumbuka lile jengo la bati karibu na reli. Zamani lilikuwa ghala la nta iliyoletwa kutoka Ipole na pande za Sikonge. Nta ilipohamishiwa kwingine, harufu ilibaki, imeingia katika mbao na hata katika sakafu. Hapo ndipo Bwana Domi alipoanzisha kazi yake ya kutengeneza picha. Bwana Domi alikuwa Mgoa, amepiga simu za reli miaka mingi mpaka masikio yake yakachoka, akastaafu, na badala ya kwenda kwao akanunua kamera. Alikuwa mwembamba, mwenye suruali iliyofungwa kwa kamba ya viatu, na Kiswahili chake kilikuwa cha stesheni, kifupi kifupi, kana kwamba kila neno bado linapita kwenye waya.

Watu walicheka. Walisema picha zinatengenezwa na Wazungu, kwao, penye majumba makubwa. Lakini mimi niliyaona yote kwa macho yangu, maana mama yangu ndiye aliyewapikia makande, nami nilishinda hapo kila nilipotoka shule. Kamera ilikuwa moja. Ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na kila ufunguo ulidumu muda wa mtu kuhesabu hadi thelathini, kisha ilikoroma na kusimama. Kwa hiyo kila jambo katika picha za Bwana Domi, mapenzi, ugomvi au safari, lilikwisha ndani ya ufunguo mmoja. Watu walizoea kusema hivyo hata sokoni: "Nieleze, lakini iwe ufunguo mmoja." Palipokosekana mwanga, walishikilia madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, yakarudisha jua mpaka tukafumba macho. Ilipohitajika kamera itembee, rafiki zake wa zamani walimwazima kiberenge, akakaa juu yake na kusukumwa taratibu kwenye reli ya pembeni. Shuka ya kuonyeshea picha ilikuwa jora la amerikani lililoshonwa katikati, na mshono ule uliwapitia usoni watu wote tuliowahi kuwaona mle. Sauti haikuwepo. Fundi Kibwana alisimama pembeni ya shuka akawasemea wote, wanaume kwa wanawake, na mbuzi pia.

Filamu yenyewe ilisafiri kwa treni mpaka pwani, kisha kwa meli, ikasafishwe huko mbali. Miezi mingi ikipita, ilirudi katika kopo la bati. Wakati mwingine ilirudi nyeusi tupu. Sikumwona Bwana Domi akilia hata mara moja. Alilifunga kopo, akasema, "Haya. Tena."

Picha kubwa kuliko zote aliyojaribu ilikuwa ya wapagazi wa zamani, wale waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Aliwakusanya wazee waliobaki, wasiozidi wanane, na mkubwa wao alikuwa babu yangu, Mzee Mihambo. Babu alikwenda pwani akiwa kijana mdogo, begani akiwa na mzigo. Sasa magoti yake yalilia kama mlango, lakini alipowekewa mti begani mgongo wake ulinyooka peke yake. Aliwafundisha vijana kuubadili mzigo kutoka bega hadi bega bila kusimama. Aliwafundisha nyimbo. Bwana Domi alimsikiliza kama mwanafunzi, akauliza kila kitu mara mbili, kisha akamwambia Karani Petro aandike.

Huyu Karani Petro alikuwa kijana Mmoraviani mwenye mwandiko mzuri mno. Kila Jumatatu asubuhi aligongomea karatasi mlangoni pa ghala, akiwa ameandika kwa wino kazi za wiki nzima. Filamu ilikuwa chache, kwa hiyo karatasi ile ilikuwa sheria. Mtu akibisha, Bwana Domi aliinua kidole: "Karatasi imesema." Likaisha.

Babu hakujua kusoma. Jumatatu ile alinishika mkono, akanipeleka mbele ya mlango.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, kama babu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "nisomee karatasi imesema nini."

Nilikuwa darasa la pili. Nilisoma kwa kidole. Jumatatu: pembe. Jumanne: pori la Mgunda Mkali, Mzee anaumwa. Jumatano: Kibwana anachimba kaburi. Kidole changu kikafika kwenye Alhamisi, kikaganda.

Alhamisi: Mzee anakufa.

"Na Alhamisi?" Babu aliuliza.

"Alhamisi wanapumzika," nilisema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa babu yangu. Aliniangalia kidogo, akatabasamu, akaenda zake kuchukua mzigo.

Lazima mnielewe nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Shuleni nikiulizwa jina nilitazama miguu yangu. Neno kubwa likinikaa kifuani, halikupata mlango. Tena nilikuwa nimeona sinema zile kwa macho yangu, najua kwamba mtu akitakiwa kukimbia, anakimbia kweli, na akitakiwa kula, anakula makande ya mama yangu kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba katika kazi hii kuna kitu kimoja ambacho hakifanywi kweli.

Jumatatu ilikwenda kama karatasi ilivyosema, na zaidi. Pembe za ndovu hatukuwa nazo, nani angetupa? Walichonga miti iliyopinda, wakaipaka nta iliyochanganywa na chokaa, mpaka ikang'aa weupe wa kukufanya umeze mate. Kwa mbali ungeapa ni pembe. Lakini jua la Tabora halidanganywi. Kufika saa nane, pembe zilianza kudondoka matone mabegani mwa wazee.

"Bwana Domi, ndovu wako anatoa jasho!" Fundi Kibwana alipiga kelele.

Kisha nyuki wakaja. Walikuja kwanza watatu, wanne, kuuliza habari za nta yao, halafu likaja kundi zima. Wapagazi wakatupa pembe, wakatimka vichakani, wazee wa magoti mabovu wakaruka miiba kama swala. Bwana Domi hakukimbia. Alikaa juu ya kiberenge chake, nyuki shingoni, anazungusha ufunguo na kupiga picha. Alipomaliza uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba.

"Nzuri sana," alisema. "Hii ni vita. Maadui wameshambulia msafara."

"Maadui wako wapi?" Karani Petro aliuliza.

"Hawaonekani. Wamejificha. Maadui wabaya sana."

Hivyo ndivyo studio ile ilivyoishi. Hakuna kilichotupwa. Mpaka leo nikiona mtu amepatwa na balaa akalifanyia kazi, namwona Bwana Domi na jicho lake moja.

Jumanne karatasi ilisema Mzee anaumwa, na nilipotoka shule nilimkuta babu yangu amelala chini ya mti wa myombo nyuma ya ghala, ambapo ndipo palipokuwa pori letu la Mgunda Mkali, amefunikwa blanketi katikati ya jua, anatetemeka. Meno yake yaligongana. Nilisimama na mfuko wangu wa vitabu nikaona kwamba ni kweli. Karatasi imesema, na imekuwa. Jioni alirudi nyumbani akala vizuri, lakini mimi sikudanganyika. Nilijua homa huwa inaondoka na kurudi.

Fundi Kibwana ndiye aliyenimaliza. Alikuwa Mzaramo, mshonaji wa nguo, na kama mjuavyo Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo hizo za wapagazi. Alikuwa rafiki mkubwa wa babu, lakini hakuna neno jema lililopita kati yao. Jumatano alikuja na futi yake shingoni, akamlaza babu juu ya benchi, akampima kutoka kisigino hadi utosini.

"Lo, Mnyamwezi wewe ni mrefu bure! Sanda yako itamaliza jora zima."

"Nunua jingine, bahili," Babu alisema akiwa amelala.

"Ninunue? Bwana Domi amesema tutumie ile shuka ya sinema. Utakwenda ahera na mshono usoni."

"Nami nikifika huko nitawaambia aliyeshona ni Mzaramo. Wote watakuelewa."

Wakacheka, wale wazee wawili, mpaka benchi likatikisika. Kisha Kibwana alichukua jembe akaenda nyuma ya ghala akachimba. Nilimfuata kwa mbali. Kaburi lilikuwa kaburi, refu kama babu yangu, na udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Alikuwa anachimba huku anaimba. Nilimchukia Kibwana siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nilimwendea mama jikoni. "Mama, kesho Babu asiende."

"Kwa nini?"

Neno halikutoka. Nilionyesha kidole kuelekea nyuma ya ghala.

"Acha mambo ya wakubwa," mama alisema, akanipa sufuria nisugue.

Nikamwendea Babu mwenyewe, alikuwa amekaa kizingitini ananoa kisu. "Babu, kesho utakwenda?"

"Nitakwenda, mke wangu. Nimeahidi."

Alilisema taratibu, bila mzaha, akitazama mbali, na sikuwahi kumwona na uso ule. Hapo nikajua kwamba na yeye anajua, na amekubali.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya hapo, shuleni, mwalimu alitusomea imla. Nilitakiwa kuandika "Kitabu hiki kitanifaa." Niliandika "Kitabu hiki kitanifa." Mwalimu aliinua daftari langu juu, darasa zima likaona. "Tazameni," alisema, "huyu amekiua kitabu! Kwa kukosa herufi moja tu, kitabu cha watu kimekufa." Nilichekwa hadi kengele. Nikaandika "kufaa" mara hamsini, na kila nilipoliandika niliisema ile a ya mwisho kwa sauti ndogo, ili isinitoroke tena.

Alhamisi niliamka mapema kuliko mama. Sikupita njia ya shule. Nilikwenda ghalani peke yangu, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa bati, na harufu ya nta ikiwa bado baridi. Karatasi ilikuwa pale. Nilipanda juu ya debe. Nilikuwa na kipande cha penseli kifupi kama jino, nikakilowesha ulimini, nikaandika.

Sikuandika mengi. Niliongeza a moja.

Alhamisi: Mzee anakufaa.

Nilishuka nikajificha nyuma ya magunia. Niliogopa, lakini nilikuwa na furaha pia. Nilikuwa nimeona siku tatu mfululizo kwamba linaloandikwa pale ndilo linalokuwa. Kama ni hivyo, basi babu yangu angekufaa, angemfaa kila mtu, na jioni tungerudi nyumbani.

Walikuja wote. Kibwana alikuwa na ile shuka ya sinema begani, imekunjwa. Bwana Domi alisimama mbele ya mlango akasoma kwa sauti kama alivyozoea: "Alhamisi. Mzee... anakufaa." Akageuka. "Petro. Anamfaa nani?"

Karani Petro akasogea. "Mimi sikuandika hivyo, Bwana."

"Karatasi imesema."

"Imesema uongo! Huu si wino, hii ni penseli. Na tazama hiyo a, imelewa."

Kibwana akaisogelea, akacheka. "Hata Mnyamwezi mwenyewe hajui kuandika. Nani amemfufua kabla hajafa?"

Babu hakucheka. Aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma, kisha akatazama chini, akaliona debe, akaiona alama ya nyayo ndogo juu yake. "Mke wangu," aliita, si kwa sauti kubwa. "Toka huko uliko."

Nilitoka. Nilikuwa na vumbi la magunia usoni na penseli bado mkononi. Wote walinitazama, na kwa kawaida ningetazama miguu yangu, lakini siku ile neno lilipata mlango, likatoka lote kwa mara moja pamoja na machozi.

"Sitaki Babu azikwe! Sitaki avishwe shuka! Mwacheni, amekwisha beba mizigo yenu yote!"

Watu waliangua kicheko, kicheko cha upole, cha watu wazima wanapoelewa jambo. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Kibwana alijishika mbavu. Petro alianza kunieleza kwamba ni mchezo tu, Babu atafumba macho ufunguo mmoja kisha atafumbua. Nilimsikia, nikaanza kuona aibu inanipanda shingoni.

Babu ndiye aliyewanyamazisha. Aliinua mkono wake tu.

"Bwana Domi," alisema, "huyu mpagazi anayekufa, unajua nilikupa habari zake. Sikukwambia ni nani. Alikuwa kaka yangu, wa tumbo moja na mimi. Tulikuwa tumetoka Tura, tumeingia Mgunda Mkali siku moja tu. Homa ikamwangusha. Tura ilikuwa nyuma yetu mwendo wa siku moja. Nilimwomba kiongozi wa msafara turudi. Alisema pembe ina mwenyewe na mwenyewe anaingoja pwani. Kaka yangu hakuwa na mwenyewe. Tukamwacha chini ya mti na maji kibuyu kimoja. Hata hakuzikwa. Mimi nikaupokea mzigo wake."

Nta ilikuwa inanukia, jua lilikuwa limeanza kupasha bati.

"Nilikubali kufa leo ili angalau yeye azikwe, hata kama ni kwa picha," Babu aliendelea. "Lakini mtoto huyu amekataa. Amefanya nilichotakiwa nifanye mimi wakati ule. Nami kwa kweli, Bwana Domi, nimechoka kumwacha pale."

Bwana Domi alivua kofia yake. Kisha akachukua wino wa Petro, akaichora upya ile a yangu juu ya penseli, taratibu, ikawa nyeusi kama nyingine.

"Karatasi imesema," alisema.

"Na kaburi langu je?" Kibwana aliuliza, anajitahidi kurudi kwenye utani wake. "Nimechimba kutwa nzima, viganja vimetoka malengelenge! Mnyamwezi gani huyu anayemtapeli mtani wake kaburi?" Akatazama huku na huku, akaona pembe moja ya nta imeegemezwa ukutani. "Basi! Azikwe mzigo. Sisi tumbebe mtu."

Ndivyo ilivyokuwa. Wasomaji wenzangu, nimeona sinema nyingine tangu hapo, zenye sauti na magari. Sijaona kitu kama kile. Wazee wanane wa Tabora walisimama kando ya kaburi, wakaitupa pembe ndani, wakaifukia kwa miguu, wakageuza migongo kwa pwani. Ile shuka iliyokuwa iwe sanda waliifunga kwenye mti mrefu ikawa machela. Babu yangu akalala ndani yake, wakamwinua, wakaimba ule wimbo wa kurudi nyumbani ambao kwa desturi huimbwa tu mtu akiwa ameipa bahari mgongo. Kamera haikuweza kuushika wimbo ule. Mimi niliushika.

Ilibaki sehemu ya kufika. Bwana Domi, aliyezoea kuifanya nyuma ya ghala kuwa dunia nzima, safari hii alikataa. "Kama ni Tura, iwe Tura," alisema. Alizungumza na marafiki zake wa reli, na Jumamosi tulipanda treni sote, wapagazi na pembe na sufuria za mama, mpaka stesheni ya Tura. Alibakiwa na filamu ya ufunguo mmoja tu. Wazee walienda porini wakageuka, wakaja wakiimba na machela yao, na wanawake wa Tura ambao hakuna aliyewafundisha chochote waliposikia wimbo wakatoka nje na vigelegele. Mama akanipa kata ya maji, akaniambia nimpelekee Babu. Niliona kamera inanitazama, aibu yangu yote ikarudi, nikageuza mgongo. Nikamnywesha Babu hivyo hivyo, mgongo kwa kamera, mpaka nikaisikia ikikoroma na kusimama.

Kopo lilirudi baada ya miezi, na halikuwa jeusi. Jumapili moja mchana walifunga milango ya ghala, wakaziba nyufa kwa magunia, wakatundika ile ile shuka, ikiwa imefuliwa. Nilikaa magotini pa Babu. Tuliwaona wazee wakitimka mbele ya maadui wasioonekana. Tuliiona pembe ikizikwa. Kibwana alisema maneno ya wote, lakini machela ilipoingia Tura alinyamaza, hakumsemea mtu. Mgongo wangu mdogo ulitokea, na kata, na uso wa Babu ukiinuka kunywa, mshono ukimpita shavuni. Karibu na sikio langu nilimsikia Babu akisema, kwa sauti ya mtoto mdogo kabisa:

"Amerudi."

Hakusema nimerudi. Alisema amerudi.

Studio ile haikudumu. Ghala lilichukuliwa kwa ajili ya tumbaku, kamera ikavunjika springi yake ya ndani, na kifua cha Bwana Domi kikamshinda. Aliondoka kwa treni asubuhi moja, tukampungia mikono. Picha zake zilichukuliwa na gari moja lililokuwa likizunguka kuonyesha sinema vijijini, na ya wapagazi ilikwenda nazo. Haikurudi Tabora. Alitengeneza picha tano tu kwa maisha yake yote, kwa kamera ya ufunguo na madebe na nta, na mimi namhesabu kuwa mtu mkubwa.

Siku tulipomzika Babu, Kibwana alikuja akiegemea fimbo. Kama ilivyo haki ya mtani, alishuka kaburini akalala, akakataa kutoka. "Mwaka ule nilichimba bure," alisema kutoka mle ndani. "Leo sitoki mpaka aitwe yule mwenye penseli." Watu walinisukuma mbele. Nikasimama ukingoni, nikamtazama yule mzee amelala katika udongo, macho yamejaa maji.

"Shikamoo, Babu Kibwana."

"Marahaba. Umekuja na herufi yako?"

"Leo sina, Babu."

"Basi nipe mkono unitoe." Nikampa mkono, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu nikacheka, na kulia, kwa pamoja.

Hiki kipande cha nta ninacho hapa mezani ninapoandika. Kina alama ya kidole ambayo nadhani ni ya Babu. Ninyi mlio Nzega, Igunga, Urambo, Kigoma, na kokote lile gari lilikopita, huenda mlipokuwa wadogo mliletewa picha isiyo na sauti, ya wazee wanaozika pembe na kumbeba mtu. Mwishoni kuna mtoto anayetoa maji akiwa amegeuza mgongo. Mtoto huyo ni mimi. Kama mliiona, niandikieni, mhariri anayo anwani yangu. Sijali mwandiko wenu, wala herufi zikipungua au kuzidi. Niambieni tu kama mzee bado anarudi.